Nadhiri ya Riziki na Wanawake Watatu

Naanza, nanyi tegeni masikio. Katika hospitali moja ya Tanga walikuwapo wanawake watatu. Daktari Hawaa alikuwa na mkono usiotetemeka. Daktari Ndeshi, akitazama picha, aliliona ini la mtu kama uonavyo kiganja chako. Na Sista Mapenzi, mtoa dawa ya usingizi, aliijua pumzi inayotaka kukatika kabla mashine haijalia.

Kwao Riziki, mjamzito, alimleta baba yake, Mzee Shehoza, macho ya manjano kama binzari. Kijiwe kilikuwa kimeziba mfereji wa nyongo, na usaha ulishaanza kuingia damuni.

Riziki akaweka nadhiri: "Nikijaliwa binti, atachukua jina la atakayemponya baba."

Hawaa akapitisha mpira wenye kamera kinywani. Lahaula! Njia anayoijua haikuwapo. Akatoka mlangoni.

"Riziki, baba aliwahi kupasuliwa?"

"Hapana, dakta! Ana kovu, lakini alituambia alipigwa pembe na ng'ombe."

"Si pembe, mwanangu. Tumbo lilikatwa, utumbo ukaungwa upya."

Riziki akalikumbuka lile kovu. Miaka yote hiyo, baba hakusema!

Hawaa akarudi, akapita kona kwa kona, kinyumenyume, mpaka akakiona kitundu cha nyongo nyuma ya mkunjo. Lakini kilikuwa kimepinda. Kila alipoingiza waya, uliteleza.

Ndeshi akamtoboa mzee ubavuni kwa sindano nyembamba, akapita ndani ya ini, akateremsha waya wake kutoka juu mpaka ukachungulia kitunduni. Hawaa akaudaka.

"Moyo umesimama!" akapaza sauti Mapenzi.

Riziki alilisikia hilo akiwa nje.

Mapenzi akakiparamia kifua, akakikandamiza, jasho likimtiririka, mpaka moyo ukaitika. Ndipo Hawaa akaufuata waya, akakivuta kijiwe, usaha ukamwagika.

Mzee akapona. Riziki akajifungua binti, akawaita wale wanawake watatu, akawaeleza nadhiri yake.

"Kitundu nilikiona," alisema Hawaa, "lakini ningebaki kukitazama tu."

"Na waya wangu ungening'inia bila wa kuudaka," alisema Ndeshi.

Mapenzi akatikisa kichwa. "Nami ningemrudisha mtu aje auawe na usaha."

Riziki akamtazama mwanawe. Watu watatu, jina moja, na nadhiri haivunjwi.

Haya, wakubwa kwa wadogo mliokaa hapa: ingekuwa ni wewe, mtoto yule ungemwita nani?