Ndiyo ya Mheshimiwa

"Ndiyo husemwa mjini, kiu hubaki kijijini." Hayo ndiyo maneno Mzee Mwandawiro alimwambia mbunge mpya leo barazani kabla ya kumpa kibuyu cha maji, na nyinyi wawili mmenifuata hadi hapa mkiuliza yametoka wapi, na kwa nini watu waligeuka kutazama upande wetu. Haya, kaeni. Mwakio, weka hiyo simu chini. Na wewe Mghoi, usinikatize mpaka nimalize, maana nakujua. Methali hiyo chanzo chake ni hiki.

Alikuwako mbunge wetu mmoja, miaka mingi kabla hamjazaliwa. Watu walimwita Mheshimiwa, naye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na marehemu mamake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa shughuli nyingi, na mtu wa shughuli nyingi huweza kudhuru watu bila hata kuwa na chuki nao.

Siku moja uliletwa bungeni muswada wa kuhifadhi misitu ya milimani. Nani angeupinga? Msitu ni mvua, kila mtu anajua. Lakini nyuma ya muswada kulikuwa na jedwali la kurasa kumi na moja, limeorodhesha maeneo yatakayozungushiwa ua, na maeneo yenyewe yameandikwa kwa namba tupu. Mheshimiwa hakulifungua. Spika alipouliza wanaokubali, akanguruma "Ndiyo!" pamoja na wenzake, kisha wakaenda kunywa chai.

Eneo namba kumi na saba lilikuwa chemchemi yetu ya Mkuyuni. Mheshimiwa alikuwa ameyanywa maji yake tangu hajaota meno, ila namba yake hakuijua. Na nani hapa Mbelenyi angeijua? Chemchemi ina jina, namba ya nini?

Alikuja kuijua siku aliyorudi kutoa taarifa kwa wananchi. Gari lilipofika kwenye kona ya juu akaona vigingi vimepakwa rangi nyekundu, na kimoja kimepigwa shinani mwa mkuyu wenyewe. Akashuka kumfokea mpima ardhi. Yule kijana akamwonyesha karatasi kwa adabu zote: "Namba kumi na saba, Mheshimiwa. Si mliipitisha wenyewe?" Akaisoma karatasi mpaka chini, akarudi garini. Watu walikuwa wamejaa uwanjani pa shule, na ngoma zimeshaanza.

Basi akasimama akasoma taarifa yake. Madarasa mawili yameezekwa. Harambee ya zahanati imefanyika. Vijana wamepata jezi. Alitaja na matanga aliyohudhuria, kama vile kwenda msibani ni kazi ya kuhesabiwa! Akaeleza kura zake: ya barabara alikubali, ya ushuru wa mboga alikataa. Watu wakapiga makofi. Ya msitu akairuka.

Mwandawiro, wakati huo kijana wa maneno makali, akasimama. "Mheshimiwa, na hivi vigingi vyekundu? Huko bungeni wewe ulisema nini?"

Sasa sikilizeni. Kura ile ilikuwa ya sauti. Watu hupiga kelele pamoja, majina hayaandikwi popote. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini ya siku ile hata kata haikuijua. Mheshimiwa alilijua hilo, na ulimi ukateleza kabla hajauzuia.

"Nilisema La," akajibu. "Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Walituzidi kwa wingi."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwandawiro mwenyewe akaomba radhi kwa kumshuku. Kisha mzee mmoja akapumua, akasema, "Basi, ikiwa mbunge wetu amepigana akashindwa, sisi ni nani? Leteni kibuyu tufunge maneno."

Desturi mnaijua, leo mmeiona. Anayetoka safari na habari, akishamaliza, hunywa maji ya Mkuyuni mbele ya watu, kisha kibuyu huwazungukia wazee. Maneno yakishafungwa hivyo, hayaulizwi tena. Na Mheshimiwa alijua jambo moja ambalo wengine hawakulijua: kwenye karatasi ya mpima aliona sheria imeacha siku za kupeleka pingamizi, na zilibaki tisa. Akinywa, hakuna atakayeuliza wala atakayeandika. Yeye atapona, chemchemi itakwenda.

Aliyeleta kibuyu alikuwa shangazi yake, Wakesho. Ndiye aliyemlea baada ya mamake kufa, na kila alfajiri alipanda Mkuyuni na mtungi mgongoni, kamba ya katani imemkaza kwenye paji la uso, ili mtoto aoge kabla ya kwenda shule. Kovu la kamba ile lilikuwa bado linaonekana. Akachomoa gunzi lililoziba kibuyu, akamshikisha kwa mikono miwili.

"Kunywa, Mwadime," akasema. "Juzi waliposema wabunge wote wameuza misitu, niliwaambia, si huyu wangu. Mtoto niliyemkuza kwa maji haya hawezi kuyauza."

Msitazamane kwa hilo jina. Ngojeni nimalize.

Akapeleka kibuyu mdomoni. Maji yakaingia, yana baridi ileile na harufu ileile ya majani. Yakakataa kushuka. Akasimama hivyo, mashavu yamemjaa mbele ya halaiki, na shangazi yake anamtabasamia. Ni tabasamu lile lililomshinda. Akayatema chini.

"Shangazi, nilisema Ndiyo," akasema. "Sikusoma. Sikujua ni hapa. Nimejua leo, na nimewadanganya."

Afadhali wangemzomea! Alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ardhi ikatulia palepale. Akawaambia habari ya zile siku tisa kwa sauti ambayo hata waliokaa mbele waliisikia kwa taabu.

Shangazi Wakesho akakichukua kibuyu mikononi mwake, polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akakiziba kwa gunzi. Hakumtukana. Alisema tu, kama mtu anayezungumza peke yake, "Kumbe ndiyo husemwa mjini, kiu hubaki kijijini." Akaondoka zake. Watu wakalichukua neno lake wakaenda nalo majumbani.

Barua ya pingamizi iliandikwa usiku uleule, na alama za dole gumba za watu mia mbili zikawekwa. Ilifika kabla ya siku tisa kwisha. Lakini barua hutembea polepole kuliko seng'enge. Ua ulisimama kwanza, na wanawake wakaanza kuteremka mtoni bondeni, saa mbili kwenda na zaidi ya hapo kupanda. Lango lilifunguliwa mwaka wa sita, kwa nguvu ya barua ileile. Shangazi alikufa mwaka wa tano. Siku zake za mwisho aliomba maji ya Mkuyuni, na aliyekaa naye kitandani alimpa ya mtoni. Akayaonja, akajua, akamshukuru.

Mghoi, uliniuliza kwa nini leo kibuyu kiliponifikia nilikipokea nikampitishia jirani. Ulidhani sikuwa na kiu. Nilikuwa nayo, mjukuu wangu, jua lilikuwa kali. Ni mwaka wa thelathini na nane huu nakipitisha. Hakuna aliyenikataza. Wazee wenzangu wameshaniambia ninywe, yamekwisha. Lakini maneno yangu mimi hayajafungwa, na aliyekuwa na haki ya kuyafunga hayupo.

Kwa hiyo mtakapoisikia tena, na watu wakageuka kututazama, msiinamishe vichwa. Niachieni mimi hiyo kazi. Ndiyo husemwa mjini, kiu hubaki kijijini.