Mvuke Haufukuziwi Darini

Mvuke haufukuziwi darini. Mmeisikia methali hiyo leo kikaoni, alivyojibiwa mjomba wenu Gaitani aliposema ugomvi wa shamba uachwe tu, utaisha wenyewe. Sasa mnaniuliza dari na shamba vinahusiana nini. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Njombe, ambako baridi haina adabu, aliishi mwanamke aitwaye Asifiwe pamoja na mumewe Ladislaus na mama mkwe wake, mgonjwa wa pumu. Kila asubuhi Asifiwe alimwogesha mama kwa maji ya moto. Bafu lenyewe halikuwa na dirisha. Mvuke ulijaa mpaka kuta zikatoka jasho, na mama akatoka humo akihema kuliko alivyoingia. Asifiwe alikuwa amechoka, wanangu, uchovu ule ambao unalala nao na unaamka nao.

Daktari akawashauri watie feni ya kutolea hewa. Vizuri. Lakini ukuta pekee uliotazama nje ulielekea jikoni kwa jirani yao, Mzee Mwalongo, na nyumba hizo mbili zilikuwa na kinyongo tangu zilipogombania mpaka. Ladislaus akaona haya, au woga, sijui tuuiteje. Aende kumwomba yule mzee akubali hewa ya bafu la watu ipulizie ugali wake? Akamwambia fundi kwamba bomba la feni liishie darini, yaishe. Fundi akafanya alichoambiwa.

Feni ikavuma, bafu likakauka, Ladislaus akajisifu. Asifiwe naye alifurahi, kwa muda. Kisha chumbani kwa mama, kilichopakana na bafu, dari ikaota doa jeusi. Asifiwe akalisugua, likarudi. Ladislaus akalipaka rangi, likarudi. Na kikohozi cha mama, kilichokuwa cha asubuhi tu, kikawa cha kutwa kucha.

Siku moja, mama akiwa bado bafuni, ubao wa dari ulianguka juu ya kitanda chake, umelowa chapachapa, mweusi kwa ukungu. Ladislaus aliutazama, akasema kitanda kisogezwe. Asifiwe hakuwa na nguvu ya kubishana. Aliuokota ule ubao, akatoka nao, akaenda kupiga hodi kwa Mwalongo.

"Kamwene, baba," akamsalimu.

"Kamwene." Mzee hakumkaribisha kiti.

"Nimekuja kuomba tutoboe ukuta wa bafu. Ukuta ni wetu, lakini hewa itakuja kwenu. Tuliipeleka darini ili tusije kukuomba, na sasa inamuua mama." Akamwonyesha ubao.

Mwalongo aliugusa, akanusa kidole. "Mngekuja wakati ule, ningekataa."

"Tulijua, baba."

"Ningekataa, nanyi mngerudi tena. Ningenung'unika, mwishowe nikakubali. Huyo mama namsikia akikohoa kila siku. Nilidhani mmemchoka."

Neno lile lilimchoma Asifiwe kuliko tusi, kwa maana kuchoka alikuwa amechoka kweli, ila si kumchoka mama. Akalia palepale mlangoni. Hapo mzee akamletea kiti, akasubiri anyamaze, kisha wakapatana kwamba ukuta utobolewe na bomba lipandishwe hadi juu ya paa la jiko lake.

Likapandishwa. Dari ikatengenezwa upya, ikakaa kavu. Kikohozi hakikuisha, pumu ni pumu, lakini mama akaanza kupata usingizi, na Asifiwe naye akaupata. Ladislaus tu ndiye aliyeendelea kujieleza: eti hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaepusha ugomvi na jirani. Mama alimsikiliza kutoka kitandani mpaka akachoka.

"Uliuepushia wapi, mwanangu?" akamwuliza. "Uliuweka juu ya kichwa changu. Mvuke haufukuziwi darini."