Kola za Karatasi

Mali si lazima iibwe na mwizi wa kuvunja mlango. Huondoka hata mchana kweupe, mwenyewe akitia saini. Ndivyo ilivyomkuta fundi mmoja wa kiwanda cha sare, aliyeshona kola miaka ishirini na miwili hata wenzake wakamwita Mama Kola.

Kila mwisho wa mwezi karani wa mishahara alimpa karatasi yenye makato mawili: kodi ya mapato, na akiba ya uzeeni ambayo kiwanda kilipaswa kuipeleka kwenye mfuko wa wafanyakazi. Mama Kola alitazama mstari wa chini tu, ule wa fedha ya mkononi, akasaini. Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri. Akaikata umbo la kola ya kupimia, akaitundika msumarini. Mafundi wote walifanya hivyo, maana karatasi za vipimo kiwanda kiliwabania.

Mpiga pasi peke yake alizitunza zake kwenye mkebe wa biskuti, na kila mwaka alikwenda ofisi ya mfuko kuuliza kilichoingia. Walimcheka, wakamwita Bibi Hakimu. Mwaka mmoja alirudi amefura kwa hasira: makato yake ya miezi tisa hayakufika. Alipombana karani, ya kwake yakapelekwa kimyakimya. Akawahimiza wenzake nao wakaulize.

"Twende, dada," alimsihi Mama Kola. "Huyu anatukamua kama ng'ombe aliyefungwa miguu."

"Wewe piga pasi zako," alijibu Mama Kola, uzi mdomoni. "Karani kasoma, mimi niliishia la saba. Nitamfundisha kazi?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kicheko kile kiliula uzee wao.

Macho yalipokataa kuona tundu la sindano, Mama Kola alikwenda na binti yake kudai pensheni apumzike. Afisa wa mfuko akamwambia kwamba michango iliyofika ni ya miaka minne tu, wala haitoshi malipo ya kila mwezi. Ila akileta karatasi za mshahara, kila mwezi wenye ushahidi kiwanda kitabanwa kiulipe.

Mama Kola alikimbilia kiwandani kama aliyemwagiwa maji ya moto, akarudi na kapu zima la kola, akalimwaga mezani. Afisa alizigeuza moja moja. Majina yalikuwapo. Miezi ilikuwapo. Makato yalikuwa upande wa shingo, pale pale mkasi ulipopita. Zilizopona ni kumi na moja. Hata katika hizo, afisa alionyesha kwa kidole, kodi ilitozwa kwenye mshahara mzima, ilhali sheria ilitaka akiba iondolewe kwanza.

Binti hakumhurumia. "Kila siku nikitoka shule ulinikagua daftari, mama. La kwako ulimwachia nani?"

Jumatatu Mama Kola alikuwa tena mashineni, miwani mbili puani, akishona kola kwa kupapasa. Mwezi ulipokwisha, karani alimsogezea karatasi na kalamu, huku akitabasamu.

"Ondoa kalamu yako," alisema Mama Kola. "Leo nasoma kwanza, mstari kwa mstari, na wewe utasimama hapo hapo."

Karani akasimama. Lakini ile miaka haikurudi, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.