Kikombe cha Dirishani

Wapendwa, mwenye simu mkononi aiweke mfukoni kidogo, maana habari yenyewe inahusu simu.

Palikuwa na dada mmoja, karani katika ofisi ya kupokea maombi ya kuunganishiwa maji. Mikono yake ilikuwa na mabaka meupe. Ngozi ilipoteza rangi tu, hali hiyo haiambukizi. Daktari alishamweleza, na yeye alishawaeleza wenzake. Dada huyu alikuwa na blogu. Aliandika mambo yake ya nyumbani: kuku wake, jirani anayeimba bafuni, mama yake anayebishana na redio. Ofisi nzima walikuwa wakimsoma. Asubuhi wakifika, "Dada, jana umetuvunja mbavu!" Naye alifurahi sana, kwa sababu hakuwa na watu wengine wengi wa kumwambia hivyo.

Saa nne ilikuwa chai. Vikombe vyote vilikaa kwenye sinia moja, kila mtu anachukua kinachomjia mkononi. Isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha, na kilikaa peke yake dirishani. Hakuna aliyewahi kusema ni cha nani. Mnadhani kulikuwa na haja ya kusema?

Siku moja akaja mgeni, fundi kutoka makao makuu. Akaona vikombe vya siniani vimekwisha, akanyoosha mkono dirishani. Mhasibu akaruka kama aliyeona nyoka. "Hicho hapana, kaka! Ngoja nikuoshee kingine." Dada yetu alikuwa amesimama pale pale. Mnajua alifanya nini? Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao. Uso ulimwaka moto, lakini alicheka.

Jioni ile akaandika habari ya kikombe. Hakutaja jina la mtu wala la ofisi. Kabla ya kuituma akasita muda mrefu, kwa sababu alijua watakaosoma ni wale wale, na wale ndio waliokuwa marafiki zake. Akiwapoteza hao, anabaki na nani? Akafumba macho, akabonyeza.

Asubuhi hakuna aliyevunjwa mbavu. Walimsalimia huku wakitazama makaratasi. Bosi akamwita.

"Binti yangu, umeandika vizuri, lakini hili lingezungumzwa humu humu, ana kwa ana. Lifute tu, yaishe."

"Mzee," akasema, "ana kwa ana nimesema miaka mitatu. Kila siku saa nne mnaniona nikienda dirishani."

Saa nne ikafika, chupa ya chai imejaa, hakuna anayemimina. Ndipo mahakama ikaanza. Nani alipaka ile rangi? Mhasibu akaapa si yeye, yeye alikikuta. Yule wa mapokezi naye akaapa. Mama wa usafi akasema, "Msinitazame mimi, kwangu hata rangi ya kucha sina." Wakageukiana, kila mmoja akitafuta wa kumtwisha mzigo, na laiti angepatikana mmoja tu, wengine wote wangekunywa chai yao kwa amani.

"Nilipaka mimi," dada akasema.

Wote wakamgeukia.

"Wiki yangu ya kwanza. Kila kikombe nilichonywea, niliwaona mkikisuuza kwa maji ya moto mara mbili, mara tatu. Nikaona aibu. Nikaona niwapunguzie kazi."

Wapendwa, hapo ndipo mhasibu alipokaa chini, mtu mzima, akafunika uso wake. Hakukuwa tena na wa kumsingizia. Kisha akainuka, akakichukua kile kikombe dirishani, akamimina chai, akanywa mbele ya wote. Akajaza kingine kutoka siniani, akampa dada kwa mikono miwili.

"Nisamehe, dada yangu. Na usifute."

Hakufuta. Siku ile ile yule wa mapokezi aliandika chini ya habari ile, kwa jina lake kamili, kwamba naye alikuwa mmoja wa watu wa maji ya moto. Wengine wakafuata. Bosi alikuwa wa mwisho, lakini aliandika.

Sasa sisi. Naona mnatikisa vichwa, mnawasikitikia watu wa ofisi ile. Msiwasikitikie, wao wameshatoka huko. Niambieni, nani kati yetu nyumbani kwake hakuna sahani ya dada wa kazi? Ile ya plastiki, na kijiko chake ndani. Nani aliitenga? Mama atasema si mimi. Baba atasema mimi hata jikoni siingii. Huenda aliitenga yeye mwenyewe, binti wa watu, siku yake ya pili, baada ya kuyaona macho yetu. Na sisi tukasema ana adabu.

Yeye hana blogu. Hatutaamka asubuhi tukamsoma. Basi leo nimewasomea mimi. Ibada ikiisha mtafika nyumbani, na chakula kitakuwa tayari, kwa sababu amekipika. Usianze kuuliza nani alianza. Pakua kwenye sahani yako, mpe yeye. Kisha chukua ile ya plastiki, keti naye mezani, ule.