Kwa Nini Bushara Chakula Hakiivi

Sogeeni, na mwenye sikio moja aazime la jirani yake, maana habari hii husemwa kwa sauti ya chini, na mkifika mwisho mtajua ni kwa nini.

Zamani, milima ilipokuwa bado haijazoea kukaa mahali pamoja, mlima Kirunge alikuwa jirani wa watu wa Bushara kama jirani mwingine yeyote. Alivuta kiko chake, alikohoa asubuhi, alimwaga majivu kwenye nyua za watu na hakuomba radhi. Watu walimzoea. Muhogo waliuanika juu ya mawe yake yenye joto, jua likabaki halina kazi. Siku za mapumziko wachumba walipanda kutembea huko juu, wakafukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto na kuketi kando wakipiga soga. Waliposhuka jioni, viazi vilikuwa vimeiva na posa pia.

Nyumba iliyokuwa juu kuliko zote ilikuwa ya Birindwa na mkewe Nzigire. Huyu Nzigire alijulikana kwa mambo mawili, ukarimu na udadisi. Ukibisha hodi kwake, kabla hujaimaliza hiyo "di", alikwisha kujibu karibu. Na ukishaketi, alitaka kujua umetoka wapi, umekula nini, na hicho kifurushi kina nini. Jambo lililomkosesha raha zaidi ni Kirunge. Kila siku moshi unatoka, na hakuna aliyewahi kuona chakula.

"Mama," alimwuliza mama mkwe wake, "hivi mtu anaweza kukoka moto miaka yote hiyo asipike kitu?"

"Nenda kamwulize mwenyewe," alijibu Mama Nabintu, "ukirudi unipitishie maji."

Mama Nabintu alikuwa ameteguka nyonga alipoanguka kutoka kwenye ngazi ya ghala. Hakuweza kusimama wala kugeuka. Alilazwa kwenye mkeka karibu na mlango, mwili ukiwa umegoma na mdomo ukiwa mzima kabisa.

Asubuhi moja Birindwa alikuwa ameteremka shambani, na Nzigire ameketi uani akichambua maharage, mgongo ameupa mlima. Nyuma yake sauti nzito ikavuma, ndefu, ikitoka chini ya ardhi: "Hoooodi."

Nzigire hakugeuka. Mikono ilikuwa kwenye ungo, na mdomo ulikuwa na mazoea yake. "Karibu," akasema. "Pita ndani."

Alishtushwa na joto mgongoni. Alipogeuka, Kirunge alikuwa anakuja. Uji mwekundu, mpana kama barabara, ulishuka taratibu katikati ya migomba kwa adabu zote, na migomba ikajikunja kumpisha. Huko chini majirani walikuwa tayari wanakimbia, kila mmoja na kuku wake kwapani, wakimwita Nzigire ateremke.

Akaingia ndani mbio, akampitishia mama mkwe mikono chini ya makwapa. Mama Nabintu alipiga ukelele, nyonga ikakataa.

"Nitakubeba, Mama."

"Utanibeba na nini? Wewe mtungi wa maji tu unaita watu wawili wakutwike." Kisha akatazama mwanga mwekundu ukutani. "Nani amemwambia huyo apite ndani?"

"Mimi."

"Bila kumtazama?"

"Alibisha hodi, Mama."

"Basi ndiyo hivyo. Umemkaribisha, huwezi kumfukuza. Lakini mgeni hapiti mlangoni kabla hajapewa pa kukaa. Hilo hata mlima analijua. Mpe kigoda."

Nzigire akatoka na kigoda, akakitupa mbele ya Kirunge. Kililiwa kabla hakijagusa ardhi.

"Amekikalia?" Mama Nabintu aliuliza kutoka ndani.

"Amekila."

"Ahaa. Kumbe ana njaa. Umekuwa ukiuliza anakula nini, sasa umejibiwa. Mpe jiwe la kusagia, hilo halitafuniki."

Nzigire akalisukuma jiwe kwa magoti na kifua mpaka katikati ya ua. Kirunge alilifikia, akalizunguka, akapanda juu yake, akajikusanya kama mzee anayetafuta mkao mzuri, kisha akatulia. Alikuwa ameketi. Kutoka kwake hadi mlangoni kulibaki hatua nane.

Mgeni akishaketi, hupikiwa. Nzigire akachukua maharage ya mavuno ya mwaka uliopita, yale magumu ambayo hata panya walikuwa wameyasusa, akayatia kwenye chungu cha maji. Moto wa jikoni ulikuwa umezimika, na mgeni alikuwa nao wa kutosha, basi kwa upawa mrefu akakisukuma chungu hadi gotini mwa Kirunge. Kilichemka mara moja.

"Kinachemka, Mama. Yakiiva nifanye nini?"

"Yasiive."

Basi Nzigire akaongeza maji ya baridi. Yakachemka tena, akaongeza tena. Kirunge akavuma kwa kuuliza, "Mmmh?", naye akamjibu, "Bado kidogo." Mara ya nne maji yalimwagikia pembeni, na hapo Nzigire akasahau kuogopa. Ngozi ya mgeni, pale ilipoloa, ilikuwa imegeuka nyeusi na kukunjamana kama utando juu ya uji unaopoa. Akainama atazame vizuri. Akamwaga kidogo pengine, aone kama itakuwa vilevile. Ikawa vilevile.

"Mama, kumbe anapoa."

"Mpe na maji ya kunawa," alisema Mama Nabintu. "Mpe mengi."

Nzigire alishinda akienda kijitoni na kurudi. Kila mara mgeni alipouliza, alijibiwa bado kidogo. Alasiri ilipofika, Kirunge alikuwa mweusi mpaka mabegani, amebakiwa na macho mekundu tu, nayo yanasinzia.

Ndipo Birindwa alipotokea anahema, jembe begani. Mtu huyu alikuwa mume mwema na mtoto mwema, lakini pua yake ilimtangulia katika kila jambo. Akamwona mama yake yu hai, akamwona mkewe yu mzima, akashukuru kimoyomoyo, kisha akaona chungu. Akachota, akatafuna.

"Mbona haya yameiva?"

Kirunge akafumbua macho yote. Ngozi nyeusi ikapasuka, ulimi mwekundu ukatoka, ukaruka jiwe la kusagia na kuvuka ua mpaka hatua moja kutoka mlangoni. Pindo la blanketi la Mama Nabintu likaanza kutoa moshi. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe pale, Nzigire alimsikia mama mkwe wake amekosa la kusema.

Akamnyang'anya mumewe upawa. Akaonja polepole, akakunja uso.

"Yameiva wapi?" akasema kwa sauti ya kufika kileleni. "Chumvi bado. Nimpe mgeni wangu maharage chapwa, watu watanisemaje? Birindwa, nenda ziwani ukalete chumvi. Na usikimbie, utaimwaga."

Kirunge akafikiri. "Mmmh," akasema mwishowe, na safari hii haikuwa ya kuuliza. Ulimi ukasimama pale pale. Jua lilipoegemea milima ya ng'ambo, macho yake yalifumba moja baada ya jingine, akalala akisubiri chumvi. Mama Nabintu alinyoosha mkono, akazima pindo la blanketi kwa mate, akamtazama mwanawe.

"Birindwa," alinong'ona, "na wewe uondoke kweli, anaweza kuwa anachungulia."

Na tangu siku hiyo, Bushara hakuna atangazaye kwamba chakula kimeiva. Mwenye nyumba hutoka mlangoni, hutazama mlimani, husema "bado kidogo", na walio ndani hunawa mikono. Mshenga mmoja aliyetoka mbali aliposikia hivyo alitoka nje kuota jua, na aliporudi akawakuta wenzake wanajifuta midomo. Ule uji mwekundu uliganda ukawa jiwe jeusi, nalo lipo mpaka leo, limeishia hatua moja kutoka kizingiti, na juu yake pana shimo la mviringo lenye ukubwa wa kitako cha chungu. Ardhi ikinguruma, ni tumbo la mgeni, na aliye karibu humjibu kama alivyojibiwa siku ile.

Chumvi ipo, imo humo humo katika chungu cha kila nyumba. Lakini ukimwuliza mtu wa Bushara iko wapi, atapaza sauti ifike kileleni, akuambie kwamba Birindwa ameifuata, yuko njiani anarudi.