Fisi na Amri ya Pili

Mwaka ule masika yalilipita bonde la Mkengeni bila kubisha hodi. Nyasi zilikauka, na mto ukabaki dimbwi moja. Wanyama waliweka akiba yao ya njaa katika pango chini ya kilima: mtama, viazi vikavu na samaki wa kubanikwa waliotungwa kwenye kamba. Harufu ya samaki wale ilimkosesha Fisi usingizi.

Kisha nyasi zile kavu zikashika moto, na moto huo wa kwanza uliwaaibisha. Simba alinguruma, "Wote kaskazini!" Nyani naye juu ya mti akawaelekeza kusini. Tembo alimwagia maji majivu yaliyokwisha poa. Nusu ya malisho iliteketea, na mtoto wa Swala akaungua mguu.

Walipokutana, Sungura alisema kwa upole, "Mzee Simba, ufalme ni wako, hakuna anayeugusa. Lakini siku ya moto aamuru anayeona. Na hapa nani anaona mbali kumshinda Bi Twiga?"

Simba akakunja uso. "Na mimi nikae nikitazama?"

"Wewe utawalinda watoto wetu kule kwenye mchanga wa mto. Nani atathubutu kutoroka mbele yako?"

Simba alinyoosha masharubu. Kazi hiyo ilimkaa vizuri.

Basi wakakubaliana. Twiga ataamuru, na Kanga mwenye sauti kali atatangaza. Tembo atabeba maji. Ngiri na Fisi watakwangua ukanda mtupu ambao moto hauwezi kuuvuka, na Kobe atalinda pango. Amri isiyotoka kwa Kanga si amri, na anayeipokea airudie kwa sauti, ijulikane kwamba imefika.

"Mimi ningefaa pangoni," Fisi akasema. "Usiku kucha silali."

"Ndiyo maana tunakutaka kwenye ukanda, ndugu yangu," Sungura akajibu. "Mwenye nguvu za kukesha hashindwi kuchimba."

Haukupita muda, upepo wa alasiri ukaleta moto mwingine. Twiga aliuona moshi mapema, akamnong'oneza Kanga aliyesimama juu ya kichuguu.

"Tembo, maji upande wa migunga!" Kanga akatangaza.

"Maji upande wa migunga," Tembo akarudia, akaenda.

Kazi ikaenda vizuri, ila Fisi alikwangua kidogo tu, kisha pua yake ikamvuta. Alimwacha Ngiri ameinama, akajipenyeza ndani ya moshi hadi nyuma ya jiwe lililokuwa karibu na pango. Hapo akabana pua, akaigiza sauti ya Kanga: "Kobe, hama pangoni, kimbilia mtoni!"

Kobe hakuwa mtu wa haraka. Alikohoa kwanza, kisha akarudia kwa sauti yake yote, kama walivyoagana: "Kobe ahame pangoni, akimbilie mtoni!"

Kanga alishtuka. "Mimi sijasema hivyo."

Twiga akageuza shingo. Akaona mgongo wa madoadoa nyuma ya jiwe, na kwenye ukanda akaona pengo. Moto ulikuwa ukilielekea, na Ngiri alikuwa amezipa mgongo ndimi zake.

Sungura alianza kucheka. Twiga akamkatiza, "Moto kwanza."

"Ngiri, rudi nyuma! Tembo, maji kwenye pengo la Fisi! Kobe, baki!" Kanga akatangaza.

Wote watatu wakarudia. Ngiri aliruka mkia ukiwa umeshaungua ncha, na Tembo akauzima moto penye pengo. Nyuma ya jiwe, Fisi alisaga meno.

Moto ulipodhibitiwa, Sungura akamwambia Twiga, "Bi Twiga, mwenzetu anahangaika sana na lile pango. Kwa nini tusimpe kazi aliyoitamani?"

Twiga akatabasamu. Kanga akatangaza, "Fisi uliye nyuma ya jiwe, ng'ata kamba ya samaki, wapeleke wote kwa Simba!"

Fisi alitoka kichwa chini, kwa kuwa macho ya wote yalikuwa kwake. Aling'ata kamba, samaki wakining'inia mdomoni mwake, mate yakimchuruzika hadi kifuani. Kila alipopita, wenzake walitangaza, "Fisi anapita na samaki!" Hakupata nafasi ya kumeza hata pezi.

Huko mtoni Simba akamuuliza, "Nani alimwambia Kobe ahame?"

Fisi akafungua mdomo aseme ni Kanga, samaki wakamwagika mchangani. Kanga alikuwa amekwisha tua kando ya Simba, akimtazama.

"Nilitaka kusaidia tu, mzee," akasema Fisi.

"Msaada wako nusura umuue Ngiri," Simba akamjibu.

Jioni ile akiba iligawiwa. Samaki mnene alikwenda kwa mtoto wa Swala, wa pili kwa Ngiri. Fisi akapewa viazi vikavu, akavitafuna akitazama pembeni. Amri yake ya pili ilikuwa imekaribia kuwaangamiza, kwa sababu manahodha wengi, chombo huenda mrama.