Kidonge cha Atupele

Leo mnisikilize vizuri, maana habari hii imenikaa kooni wiki nzima. Palikuwa na fundi cherehani mmoja, tumwite Atupele. Msihangaike kumtafuta, si wa usharika huu. Aliimba sauti ya pili kwaya, na sauti alikuwa nayo kwelikweli. Ila usingizi! Usiku analala kwa muda wa saa nane nzima, na bado mchana unamkamata katikati ya ubeti. Kwao, anayesinzia ibadani husimamishwa nyuma mpaka amina. Atupele alisimama huko miaka mitatu. Siku moja alisinzia amesimama, akaanguka puu.

Wapo waliosema ni pepo, wapo waliosema ni uvivu. Mzee wa kanisa mmoja, mkali huyo, akamwita. "Binti, ukisinzia tena, joho la kwaya unarudisha."

Atupele alilia. Hana mume, hana mtoto, kwaya ndiyo nyumbani kwake. Angebaki na nani?

Muuguzi mmoja akamwelekeza hospitali. Wakampima moyo na presha, wakamchunguza hata akiwa amelala. Daktari akasema, "Mama, huna pepo wala uvivu. Huu ni ugonjwa. Kidonge hiki kimoja asubuhi, usimeze jioni. Hakiondoi ugonjwa, kinakusaidia kukaa macho. Na usiku ulale, maana hakitalala kwa niaba yako."

Jumapili iliyofuata, jamani, Atupele aliimba nyimbo zote tatu. Akasikia mahubiri mwanzo mpaka mwisho, na kumbe mchungaji wao huwa anarudia rudia. Mnacheka? Mwenzenu alikuwa anatokwa machozi ya furaha.

Baada ya ibada yule mzee akamvuta pembeni. Moyo wa Atupele ukaruka, akajua leo naombwa msamaha.

"Mwanangu, hivyo vidonge, nigawie viwili. Na mimi Jumapili usingizi unanizidi."

"Daktari amekupima, baba?"

"Anipime nini? Jumamosi naangalia mpira mpaka alfajiri."

"Basi si dawa yako, baba. Hii nimeandikiwa mimi, wewe inaweza kukudhuru. Wewe zima televisheni, ulale." Kisha akashangaa. "Lakini mbona sijawahi kukuona umesimama nyuma?"

Mzee akatazama viatu vyake. "Mimi nasinzia nimeinamisha kichwa. Watu wanadhani naomba."

Ndugu zangu, msimcheke mzee. Mzee huyo ni sisi. Ugonjwa wa mwenzetu tumeuita dhambi, tukamwaibisha mbele za watu. Uzembe wetu tumeuvika sura ya sala, na ukitulemea tunautafutia kidonge cha mtu mwingine. Nani kati yetu alimuuliza mwenzake, "Unaumwa?" kabla ya kumhukumu? Mgonjwa tumpeleke hospitali, tumshike mkono, tumngoje kwenye benchi. Na wewe uliyeinamisha kichwa hapo mbele tangu nianze kusema, hebu niambie ukweli, unaomba?